Kupima elektroni zikihama kati ya MoS2 na WS2: mwongozo wa hatua kwa hatua

Chukua karatasi ya molibdeni disulfidi (MoS2) yenye unene wa tabaka moja, ipachike juu ya karatasi ya tungsteni disulfidi (WS2), kisha ipige MoS2 kwa mpigo mfupi wa leza nyekundu. Elektroni itaruka juu na kuacha tundu nyuma yake, na tundu hilo litahamia upande wa WS2. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha kipimo cha safari hiyo mwaka 2014 wakasema inakwisha ndani ya femtosekunde 50 (femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni bilioni). Katika muda huo mwanga wenyewe unakuwa umesogea mikromita 15, pungufu ya unene wa unywele.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayetaka kurudia kipimo cha aina hiyo. Leza za femtosekunde si kitu cha kukuta kila chuo, na wengi wetu tunazigusa ugenini, kwenye maabara ya watu, kwa wiki chache za kuazima. Kwa hiyo nimeupanga ili muda wa leza usiliwe na mambo ambayo ungeweza kuyamaliza mezani kwako.

Nianze na ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii: kuona ishara ni rahisi. Ukipiga kitu chembamba kwa leza, lazima kitu fulani kibadilike na mashine yako itaandika namba. Ugumu ni kuthibitisha kwamba namba hiyo inatokana na elektroni au tundu lililohama, na si joto, wala urefu wa mpigo wako, wala mwale uliosogea kidogo kwenye lenzi. Hatua nyingi hapa chini zipo kwa ajili ya kuwakamata wasingiziaji hao.

Fizikia kidogo kabla ya kushika kioo

MoS2 ni madini ya matabaka. Kila tabaka lina safu ya molibdeni iliyobanwa na safu mbili za salfa, na unene wake ni takriban nanomita 0.65. Ndani ya tabaka vifungo ni imara. Kati ya tabaka na tabaka mvutano ni hafifu, ndiyo maana yanabanduka kama chapati iliyokunjwa vizuri kabla ya kusukumwa. Kipande kinene cha MoS2 kina pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni lazima iipate ili iruke juu, la karibu elektronivolti 1.3 (elektronivolti ni kizio cha nishati), na pengo hilo si la moja kwa moja, kwa hiyo hakiwaki vizuri kikimulikwa. Kikibaki tabaka moja, pengo linakuwa la moja kwa moja na karatasi inatoa mwanga mwekundu wa karibu elektronivolti 1.85, yaani nanomita 670. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2010, na ndilo lililoamsha watu kuzikimbilia karatasi hizi baada ya grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja.

Elektroni na tundu lake hazitengani ovyo ndani ya karatasi nyembamba hivi. Hushikana na kuwa jozi iitwayo eksitoni, kwa nishati ya mamia ya milielektronivolti. Joto la chumba lina milielektronivolti 25 tu, halina ubavu wa kuwaachanisha. Kwa hiyo ukiona kilele kikali cha ufyonzaji kwenye spektra ya MoS2 au WS2, hicho ni cha eksitoni. MoS2 ina viwili vikubwa, A na B. WS2 ina chake cha A karibu na elektronivolti 2.0, sawa na nanomita 620.

Karatasi hizi mbili zikigusana, mahali pa chini kabisa pa elektroni panakuwa upande wa MoS2, na mahali panapofaa zaidi kwa tundu panakuwa upande wa WS2. Ukiamsha MoS2 peke yake, elektroni inabaki ilipo na tundu linahama. Kwa maneno mengine, elektroni ya WS2 imekuja kuziba nafasi iliyoachwa upande wa pili. Tundu likishafika, WS2 haiwezi tena kufyonza nanomita 620 kama zamani, kwa sababu nafasi zimeshikwa. Badiliko hilo dogo la ufyonzaji ndilo tunalolisaka.

Hakuna kigunduzi cha umeme kinachoweza kufuata tukio la femtosekunde. Tunatumia mipigo miwili. Wa kwanza, pampu, unaamsha. Wa pili ni dhaifu zaidi, unafika baadaye kwa muda tunaouchagua, na kazi yake ni kupimia tu, nitauita kipimio. Kigunduzi kinaweza kuwa cha polepole kiasi chochote, maana kinachotuambia saa ni tofauti ya safari za mipigo hiyo miwili.

Hatua ya 1: Maliza hesabu ukiwa bado nyumbani

Chagua rangi kwanza. Pampu ya nanomita 670 inaiamsha MoS2 lakini iko chini ya eksitoni ya WS2, kwa hiyo haiigusi. Kipimio cha nanomita 620 kinaitazama WS2. Mpangilio huu una faida nyingine: pampu ina urefu wa wimbi mkubwa kuliko kipimio, hivyo kichujio kinachopitisha chini ya nanomita 650 kikiwekwa mbele ya kigunduzi kinazuia pampu na kukipitisha kipimio.

Sasa urefu wa mpigo. Watu hudhani mfupi zaidi ni bora zaidi. La. Mpigo wa femtosekunde 100 wenye umbo la Gauss, yaani la kengele, unabeba rangi zilizotawanyika kwa angalau milielektronivolti 18. Wa femtosekunde 20 unabeba karibu 91. Umbali kati ya eksitoni A ya MoS2 na ile ya WS2 ni kama milielektronivolti 150, na kila moja ina upana wake. Ukitumia mpigo wa femtosekunde 20, mkia wa pampu unaanza kuigusa WS2 yenyewe, na hapo huwezi tena kusema tundu limehama; huenda limezaliwa hapohapo.

Kuna na suala la vioo. Lenzi ya hadubini ni vipande vingi vya kioo, na kioo huchelewesha rangi za buluu kuliko nyekundu, kwa hiyo mpigo unatanuka. Tuseme lenzi na vichujio vyako vinaleta mtawanyo wa femtosekunde za mraba 1500. Mpigo wa femtosekunde 100 utatoka ukiwa 108. Hilo halina neno. Wa 50 utatoka karibu 97. Wa 20 utatoka ukiwa zaidi ya 200. Yaani aliyelipia mpigo mfupi kuliko wote ndiye atakayepima kwa mpigo mrefu kuliko wote, asipoweka jozi ya prizma au vioo maalumu vya kuurudisha. Kwa kazi hii mimi ningekaa kati ya femtosekunde 80 na 120, nikaachana na mashindano.

Halafu dozi ya mwanga. Hii uipige hesabu kwa mkono angalau mara moja. Tuchukue leza inayotoa mipigo 200,000 kwa sekunde, pampu ya wastani wa mikrowati 1, na doa lenye kipenyo cha mikromita 10. Kila mpigo una pikojuli 5. Eneo la doa ni mikromita za mraba 78.5. Ukigawanya unapata karibu mikrojuli 6.4 kwa sentimita ya mraba. Fotoni moja ya elektronivolti 1.85 ina juli 2.96 zidisha kwa 10 kipeo cha -19, kwa hiyo ni fotoni kama trilioni 21.5 kwa kila sentimita ya mraba. Karatasi ikifyonza asilimia 5, unapata eksitoni trilioni 1.1 hivi kwa sentimita ya mraba. Wastani wa umbali kati ya eksitoni na jirani yake unakuwa nanomita 10, na eksitoni yenyewe ina ukubwa wa nanomita moja au mbili. Zina nafasi ya kupumua. Ukipandisha dozi mara mia, zitaanza kugongana na kuuana, na hata dhana ya eksitoni itaanza kuyumba.

Umeona kiwango cha nguvu tunachozungumzia? Mikrowati 1. Mtu aliyezoea leza za miliwati anaweza kuiunguza sampuli ya mwezi mzima kwa sekunde moja.

Kama una kompyuta na subira, chora pia mabendi ya nishati ya karatasi zote mbili kwa Quantum ESPRESSO, programu ya bure. Mafunzo ya kuitumia yamefika hata kwetu: ASESMA, shule ya Afrika ya kufundisha hesabu za aina hii, ilifanyika Eldoret mwaka 2012 na Kigali mwaka 2023. Ila usichukue namba za pengo kutoka kwenye hesabu hizo ukazipeleka kwenye leza. Hesabu za kawaida za aina hiyo hupunja pengo, wala hazina eksitoni ndani yake. Zitumie kujua nani yuko juu ya nani, basi. Rangi kamili utaipata kwenye sampuli yako.

Hatua ya 2: Tengeneza sampuli

Njia ya selotepu ni ileile iliyowapatia Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester grafini mwaka 2004, na Nobeli mwaka 2010. Bandika fuwele kwenye tepu, kunja, bandua, rudia mpaka utepe ujae vumbi linalong'aa. Kwa sampuli za matabaka mawili tofauti, bonyeza tepu hiyo kwenye kipande laini cha PDMS, mpira wa silikoni unaopitisha mwanga, kisha bandua taratibu. Angalia PDMS kwenye hadubini. Karatasi ya tabaka moja inaonekana kama kivuli hafifu sana, na jicho likishaizoea litaitambua kabla hujaipima.

Kazi inayofuata ni ya mikono mitulivu. Weka kwanza WS2 kwenye sakafu yake, yaani kipande kigumu kitakachoibeba. Kisha geuza PDMS yenye MoS2, ipeleke chini ya hadubini mpaka karatasi mbili zipishane pale unapotaka, ishushe, na uibandue polepole mno. Ukiharakisha, karatasi inarudi na mpira. Baada ya hapo pasha sampuli kwenye ombwe ili mapovu ya hewa na gundi yaliyonaswa katikati yajikusanye pembeni. Mapovu ndiyo adui mkubwa: pale palipo na povu, karatasi hazigusani, na tundu haliwezi kuruka.

Sakafu gani? Wengi wanapenda silikoni yenye ngozi ya oksidi ya nanomita 285 au 90, kwa kuwa karatasi nyembamba zinaonekana wazi juu yake. Kwa kutafutia vipande, sawa. Kwa kupimia mwanga wa femtosekunde, mimi naikwepa. Mwanga unadunda ndani ya oksidi na kurudi, mawimbi yanachanganyikana, na badiliko la ufyonzaji linaweza kujitokeza kwenye mwakisiko likiwa na alama iliyogeuka, chanya badala ya hasi. Utahitaji modeli ya vioo vingi kulifasiri. Tumia kwatzi au yakuti safi (safaya). Karatasi itaonekana kwa shida zaidi, lakini ukiona upitishaji umeongezeka, maana yake ufyonzaji umepungua, hakuna fumbo.

Hakikisha kwenye sampuli ileile kuna sehemu ya MoS2 pekee na sehemu ya WS2 pekee, kila moja kubwa kuliko doa lako. Bila hizo, hatua ya 6 haiwezekani, na bila hatua ya 6 huna matokeo.

Hatua ya 3: Hakiki kabla ya kuomba muda wa leza

Tumia spektromita ya Raman, kifaa kinachosoma mitetemo ya atomu kwa mwanga wa leza. Kwa MoS2 tazama mistari miwili: mmoja karibu na 385 na mwingine karibu na 404 kwa kizio cha moja kwa sentimita. Kwa tabaka moja umbali kati yao ni kama 18 hadi 19. Kwa kipande kinene unafika kama 25. Ukikuta 22, una matabaka mawili, rudi kwenye tepu.

Kisha pima mwanga unaotolewa na sampuli ikimulikwa kwa leza ya kawaida ya kijani. Sehemu ya MoS2 pekee iwake, ya WS2 pekee iwake zaidi, na pale zinapopishana mwanga ufifie kwa kiasi kikubwa. Kufifia huko ni habari njema. Maana yake elektroni na tundu zimetenganishwa kabla ya kupata nafasi ya kukutana tena na kutoa mwanga. Kama mahali pa kupishana panawaka sawa na pengine, karatasi zako zimelala pamoja bila kugusana, na hakuna leza itakayolirekebisha hilo. Andika pia vilele vya spektra vilipo hasa, maana mkazo na sakafu huvisogeza, na hizo ndizo rangi utakazoweka kwenye leza badala ya 670 na 620 nilizotaja.

Hatua ya 4: Panga njia ya mwanga

Usalama kwanza, na kwa ufupi: vua saa na pete, vaa miwani inayolingana na rangi zako, usiinamishe kichwa mpaka usawa wa meza, na kila mwale uliopotea uwekewe kizuizi.

Mwanga wa leza kuu unagawanywa mara mbili. Sehemu moja inakwenda kutengeneza pampu. Nyingine inalengwa kwenye kipande cha yakuti, inazaa mwanga mweupe, na kichujio kinachota nanomita 620 humo. Mmoja wa miale hiyo unapitia kwenye reli ya kuchelewesha: kioo cha pembe kinachourudisha mwale ulikotoka, kimefungwa juu ya mota inayosogea. Mwale unakwenda na kurudi, kwa hiyo reli ikisogea mikromita 1, njia inarefuka mikromita 2, na mpigo unachelewa femtosekunde 6.67. Sentimita 15 za reli ni nanosekunde 1 nzima.

Hapa ndipo msingiziaji wa kwanza anapozaliwa. Kama mwale hauko sambamba kabisa na reli, doa litatambaa kwenye sampuli kila reli inaposogea. Pampu na kipimio vitaachana taratibu, ishara itapungua, nawe utaandika kwamba eksitoni zinaishi pikosekunde 80 (pikosekunde ni femtosekunde elfu moja) wakati ni reli imepinda. Dawa yake: weka kamera ndogo mahali pa sampuli, peleka reli kutoka mwanzo hadi mwisho, uangalie doa. Lisicheze. Likicheza, rekebisha vioo viwili vilivyo kabla ya reli, cha mbali kwa ncha moja na cha karibu kwa ncha nyingine, mpaka litulie. Ukitumia nusu siku hapa, hujaipoteza.

Doa la pampu liwe kubwa kidogo kuliko la kipimio, ili kipimio kitazame eneo lililoamshwa kwa usawa. Lipime kwa wembe: pitisha makali yake taratibu kwenye mwale huku ukisoma nguvu inayopita. Na kama unatumia nusu kipenyo ambapo nguvu imeshuka hadi asilimia 13.5, kumbuka dozi ya katikati ya doa ni mara mbili ya nishati iliyogawanywa kwa eneo hilo. Wengi husahau, na dozi zao haziwezi kulinganishwa na za mtu mwingine.

Pampu ikatwe na gurudumu lenye meno linalozunguka, ili iwake na kuzima kwa masafa unayoyajua, na amplifaya ya loki-ini isome kile tu kinachobadilika kwa masafa hayo. Chagua masafa yasiyoangukia kwenye zidisho za 50 za umeme wa ukutani (Marekani ni 60). Ishara yenyewe ni sehemu moja kwa elfu hadi moja kwa laki moja ya mwanga unaofika kwenye fotodayodi, yaani kigunduzi chako. Bila loki-ini, ni kazi bure.

Hatua ya 5: Tafuta sifuri ya wakati

Usiweke sampuli bado. Kwanza, tumia fotodayodi ya kasi na osiloskopu kuona mipigo miwili ikifika, na urefushe njia iliyo fupi hadi zionekane pamoja. Hapo umekaribia ndani ya pikosekunde 100 hivi, sawa na milimita 15 za reli. Zilizobaki zitafute kwa fuwele.

Weka fuwele nyembamba ya BBO (bariamu borati), inayochanganya rangi mbili za mwanga kuwa moja, mahali hasa patakapokaa sampuli, kwa lenzi ileile na vichujio vilevile. Mipigo ya 670 na 620 ikipishana ndani yake kwa nafasi na kwa wakati, huzaa mwanga wa zambaraujuu wa nanomita 322. Sogeza reli taratibu. Kilele cha mwanga huo ndicho sifuri yako. Upana wake ni kitu cha thamani kuliko data yoyote utakayoikusanya baadaye: ndio upana wa jicho la mashine yako. Uhifadhi. Kama ni femtosekunde 180, basi kila tukio la ghafla litaonekana kana kwamba limechukua karibu muda huo, hata kama lilichukua femtosekunde 5.

Wapo wanaokisia sifuri kutokana na sampuli yenyewe, pale ishara inapoanza kupanda. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwanzo wa kupanda kwa ishara ndicho kitu unachokitafuta. Huwezi kukitumia kama rula ya kujipimia chenyewe.

Hatua ya 6: Pima, kisha wakamate wasingiziaji

Upimaji wenyewe ni wa kuchosha na hauna mengi ya kusimulia. Karibu na sifuri tembea kwa vipande vya femtosekunde 20. Baada ya pikosekunde 2 ongeza hatua ziwe kubwa zaidi na zaidi. Rudia mzunguko mara nyingi, na hifadhi kila mzunguko peke yake badala ya wastani tu. Mzunguko wa kwanza na wa mwisho visipofanana, sampuli inaungua au mwale unahama.

Kisha haya, bila kuruka hata moja.

Ziba kipimio. Ishara lazima ife. Ikibaki, unasoma pampu iliyotawanyika kutoka kwenye vumbi.

Sogea kwenye WS2 pekee, bila kubadilisha chochote. Pampu ya 670 haipaswi kuiamsha. Ukiona ishara, ama mkia wa pampu umefika juu mno au dozi ni kubwa na inafyonza fotoni mbilimbili.

Sogea kwenye MoS2 pekee. Huu ndio mtego mkubwa wa jozi hii ya karatasi, nao ndio uliofanya nisisitize sehemu tupu katika hatua ya 2. Eksitoni B ya MoS2 inakaa karibu sana na eksitoni A ya WS2. Ukiiamsha MoS2 peke yake utaona ishara kwenye nanomita 620 pia, bila WS2 yoyote kuwepo, kwa kuwa eksitoni A na B zinagawana nafasi za elektroni. Ishara ya mahali pa kupishana lazima iwe kubwa zaidi, na kilele chake kikae kwenye rangi ya WS2, si ya B. Badilisha rangi ya kipimio kwa vipande vidogo kutoka nanomita 590 hadi 640 uone umbo zima. Anayepima rangi moja tu hana namna ya kujitetea hapa.

Geuza polaraizesheni ya pampu, yaani mwelekeo ambao mwanga wake unatetemeka, iwe ya kukata ile ya kipimio. Mwiba mwembamba unaokaa juu ya sifuri hupungua au hubadilika, kwa kuwa mwingi wake ni mipigo miwili inayochezeana ndani ya sampuli na sakafu. Usiuingize kwenye maelezo yako.

Panda ngazi ya dozi: nusu, moja, mbili, nne. Gawa kila mchoro kwa kilele chake uipandanishe. Mwanzo wa michoro ukifanana na mikia ikitofautiana, eksitoni zinauana kwenye dozi za juu; rudi chini mpaka mikia nayo ilingane.

Mwisho, tazama ishara iliyopo kabla ya sifuri. Haipaswi kuwepo. Ikiwepo, sampuli haijapoa toka mpigo uliopita. Leza ya mipigo milioni 80 kwa sekunde inaipa nanosekunde 12.5 tu za kupumzika, na joto husogeza vilele vya eksitoni kwa namna inayofanana sana na kile unachokitafuta.

Hatua ya 7: Toa namba kwenye mchoro

Andika modeli rahisi: ishara inapanda kwa muda mmoja, inashuka kwa miwili au mitatu. Ifanyie konvolusheni, yaani itandaze kwa hesabu, na umbo ulilolipima kwenye BBO, si Gauss ya kubuni. Sifuri iache ifungwe ilipopimwa. Ukiiachia modeli ichague sifuri na muda wa kupanda kwa pamoja, kimoja kitamfidia mwenzake, na utapata femtosekunde 30 au 90 kwa ubora uleule.

Sasa jaribu kwa mkono: lazimisha muda wa kupanda uwe 10, 30, 50, 80, 120, na kila mara tazama mabaki ya tofauti kati ya modeli na data. Kwa mashine yenye jicho la femtosekunde 180, kuna uwezekano mkubwa 10, 30 na 50 zote zitapita, na 120 itakataliwa waziwazi. Basi jibu lako ni kikomo cha juu. Hata namba ya Berkeley niliyoianza nayo ni ya namna hiyo: inasema uhamaji hauzidi femtosekunde 50.

Mkia unasimulia mengine. Pikosekunde moja hadi chache mara nyingi ni kasoro za fuwele zinazonasa chaji. Makumi ya pikosekunde na kuendelea ni elektroni ya upande huu na tundu la upande wa pili zikikutana tena, na jozi za namna hiyo zinaweza kuishi hadi nanosekunde. Usizichukulie nyakati hizi kama za nyenzo kwa ujumla. Sampuli mbili kutoka fuwele moja zinaweza kutofautiana mara kadhaa kwa sababu ya kasoro, wakati ule mpando wa mwanzo utakuwa uleule kwa zote. Kwa uzoefu wa fani hii, ndiyo sababu watu wanagombania femtosekunde za mwanzo na kuuachia mkia maelezo ya aya moja.

Unapoandika namba, iandamane na dozi na namna ulivyolipima doa, halijoto, sakafu, pembe kati ya fuwele mbili kama uliipima, rangi zote mbili na upana wao, upana wa jicho la mashine, na mchoro wa MoS2 pekee kwenye mizani ileile. Mhakiki atauomba huo mchoro wa mwisho kabla ya kitu kingine chochote, na wakati huo funguo za maabara utakuwa umekwisha kuzirudisha.